Tumbawe la Sebuleni

Saa nne asubuhi taa za tangi zilianza kuwaka, kwanza buluu hafifu, kisha buluu iliyokolea, na ilipokaribia saa sita nyeupe ikaingia taratibu ili matumbawe yasishtuke. Kaka mtu ndiye aliyezipanga hivyo. Tumbawe likimulikwa ghafla hupauka, alikuwa akisema, hufumba vinywa vyake na kususa chakula mpaka life, kwa hiyo ni lazima lipewe alfajiri yake, adhuhuri yake na magharibi yake, na hata usiku liachiwe mwanga kidogo wa mbalamwezi. Dirisha la sebule alikuwa ameliziba kwa mbao, maana jua la kweli huotesha ukoko wa kijani kwenye kioo.

Mdogo wake wa kike, ambaye kazi yake ni kufunga plasta watu waliovunjika viungo hospitalini, alifika kila Jumamosi na machungwa ya mama yao. Alivua viatu, akalipita tangi bila kulitazama, akaenda moja kwa moja stoo. Mama alikuwa akiishi stoo. Zamani alikuwa na chumba chenye dirisha, lakini chumba hicho kilihitajika kwa mapipa ya maji, mashine ya kuchuja na magunia ya chumvi, na mama akaambiwa ahamie stoo kwa muda. Muda huo ulikuwa umeota mvi. Balbu ya humo iliungua mvua za mwaka uliopita, na tangu hapo mama alikula, akavaa na kusali kwa kupapasa.

"Nitaleta balbu," kaka mtu alisema kila alipoulizwa, macho yake yakiwa kwenye kipimo cha chumvi. Hakuwa mtu mkali. Alikuwa mtu wa nitafanya, na watu wa nitafanya wanaweza kukuzika huku wanakuahidi sanda nzuri.

Dada mtu aliomba zaidi ya mara moja amchukue mama akaishi naye. Kwake ni vyumba viwili tu juu ya duka la vitambaa, lakini jua la asubuhi linafika mpaka kitandani.

"Mama ana mtoto wa kiume, ana nyumba, halafu akajibanze kwa binti kama hana mtu?" kaka mtu alijibu. "Watu watanielewaje, mdogo wangu?"

"Kwani sasa wanakuelewaje?"

"Sasa hawasemi kitu."

Hawakusema kitu kwa sababu wageni wote waliishia sebuleni.

Jumamosi moja dada mtu alimenya chungwa, akamwekea mama kiganjani, na vidole havikukunjika. Akavishika kimoja kimoja. Mikono yake inajua mambo hayo: plasta ikianza kuganda hupata joto kwanza, kisha hupoa na kuwa jiwe, na vidole vya mama vilikuwa vimekwisha kupoa. Kwenye kifundo cha mkono palikuwa pameota matawi mawili meupe, mafupi, yenye vitundu kama sega la nyuki.

"Inauma, mama?"

"Haiumi. Ila nina hamu ya mwanga, mwanangu. Mwanzoni nilidhani ni njaa."

Dada mtu aliyasafisha matawi yale kwa kitambaa chenye maji ya chumvi, akaona yametulia. Kisha akaenda sebuleni kumwambia kaka yake kwamba mama anageuka tumbawe. Kaka mtu alikuwa ameingiza mkono tangini mpaka begani, anahamisha jiwe.

"Uzee una mambo yake," akasema.

Wiki zilizofuata mama alianza kujikokota mpaka sebuleni adhuhuri ya tangi ilipowadia. Alikaa kwenye kigoda mbele ya kioo, mikono wazi, shingo wazi, akiota taa za matumbawe. Wifi ndiye aliyesimulia, akiwa anasuuza vyombo vya watoto wake, na sauti aliishusha ingawa mumewe hakuwepo.

"Juzi alirudi mapema akamkuta pale. Akamwambia, mama, samaki wanakuogopa. Akamshika mabega kwa heshima zote, akamrudisha stoo."

"Na wewe wifi ulisema nini?"

"Niseme nini? Mume huyu akiniamsha usiku ni kuniuliza kama naisikia pampu."

Dada mtu aliweka sahani chini polepole, maana angeishika kidogo tu zaidi angeivunja. Samaki wadogo kama kidole gumba wameonewa huruma, na aliyembeba mtu huyu tumboni amerudishwa gizani. Alikwenda stoo, akakaa na mama mlango ukiwa wazi, na wote wawili wakautazama mwanga wa buluu uliokuwa ukikomea kwenye kizingiti.

Siku kaka mtu alipomwona mama, ilikuwa ni kwa bahati tu. Aliingia stoo kutafuta mpira wa maji, mkononi ana tochi ya buluu ambayo wafuga matumbawe huitumia kutazama rangi zilizojificha. Mwanga ukamwangukia mama shingoni. Shingo yote ikawaka kijani, kingo zake rangi ya chungwa, na minyiri midogo kama ya pweza ikajitokeza kwenye kila kitundu ikiutafuta mwanga ule. Kaka mtu alichuchumaa. Akaushika mkono wa mama, jambo ambalo hakulifanya tangu msiba wa baba yao, akaugeuza huku na huku.

"Mama," alisema, na sauti ilimtetemeka, "aina hii sijaiona kwa mtu yeyote."

Baada ya hapo hakuna kilichochelewa. Ukuta kati ya stoo na sebule, ambao kwa miaka yote haukuweza kutobolewa hata kidirisha cha kupitisha hewa kwa sababu eti ndio ulioshikilia nyumba, ulivunjwa kwa siku moja. Fundi mwashi alionya kwamba paa litakosa egemeo. Aliambiwa itatafutwa njia. Tangi likarefushwa mpaka mahali kilipokuwa kitanda cha mama. Mama alikalishwa kwenye beseni kubwa, akadondoshewa maji ya tangi tone kwa tone kupitia kwenye mpira mwembamba, kama afanyiwavyo kila mgeni ili mwili uyazoee. Ndipo akateremshwa chini kabisa, kivulini mwa jiwe, taa zikapunguzwa kwa ajili yake, zikawa zinaongezwa kidogo kidogo kila wiki. Alilishwa kwa bomba la sindano. Joto la maji yake liliangaliwa asubuhi na jioni, na kaka mtu aliacha kwenda harusini kwa watu asije akapitwa na saa.

Mama alinawiri, mgala muue na haki yake mpe. Uso wake ulibaki uso, ila kuanzia mabegani aliota matawi mapana yaliyopepea, na nywele zake zikawa minyiri ya rangi ya zambarau. Paa lilipoanza kupata nyufa, naye alikuwa amekwisha kupanda juu ya maji, akafuata tofali za ukuta uliovunjwa, akashika boriti. Nyufa zikajifunga. Kaka mtu hakumwita tena fundi mwashi.

Kuzungumza naye kuliwezekana wakati wa chakula tu, kwa sababu hapo pampu huzimwa ili maji yasichukue chakula, na tangi zima hutulia. Dada mtu aliweka sikio kwenye kioo.

"Wanakutunza, mama?"

"Wananitunza."

"Kaka anakusalimia?"

Mama alifikiri. Povu moja likapanda.

"Hanisalimii. Ananipima."

Mwisho wa mwezi walikuja wenzake wa chama cha wafuga matumbawe, kila mmoja na tochi yake, wakajaa sebuleni wakinong'ona kama waliomo msikitini. Dada mtu aliwakuta wakiondoka. Ndani, kaka mtu alikuwa mezani na koleo na kichupa cha gundi. Mbele yake palikuwa na bakuli la maji, na ndani ya bakuli vidole vitatu, kila kimoja kimegandishwa juu ya kijiwe cha duara. Kimoja kilikuwa kile ambacho mama alikuwa akikilowesha mate ili kufunua kurasa, na kuwafuta watoto wake uchafu puani.

"Umekata mkono wa mama?"

"Nimempogoa. Ukimpogoa ndipo anapoota vizuri." Alisema kwa upole, kama anavyofundisha mtu. "Na si vyema kitu kama hiki kiwe katika nyumba moja tu. Umeme ukikatika siku mbili hapa, mbegu inabaki kwa wenzangu. Hata wewe chukua kimoja. Kwani wewe si mtoto wake?"

Dada mtu alimpiga kofi. Lilikuwa kofi la mtu anayebeba miguu ya wanaume wazima siku nzima. Kaka mtu alikitumbukiza kwanza bakulini kidole alichokuwa amekishika, kisha ndipo akashika shavu.

Jumamosi iliyofuata dada mtu hakuleta machungwa. Alikuja na gari la kukodi, pipa la maji ya chumvi, na msumeno wa mkono wa kukatia plasta, wa zamani, ambao hospitali iliuacha ilipopata wa umeme. Nyumbani kwake alikuwa ameweka beseni la kuogea chini ya dirisha. Kaka mtu alikuwa ametoka kwenda kufuata chumvi.

"Mimi naanika nguo," wifi alisema. Alizima pampu, akasogeza kigoda, akatoka na ndoo isiyokuwa na nguo.

Dada mtu aliingia majini na sketi yake. Alipiga magoti nyuma ya mama, akapapasa mahali aliposhikana na jiwe, akaanza kukata. Alikata kama anavyokata hospitalini, polepole, kiganja kingine kikipokea mtikisiko. Unga mweupe ukatoka. Msumeno ulipozama kina cha kidole, kitu kililia darini, kitu kikavu, kirefu, na kutoka chumba cha watoto likasikika tofali likidondoka.

"Acha," mama alisema.

"Nimekuja kukuchukua, mama."

"Najua. Nilikuwa nakungoja. Lakini wajukuu wamelala."

"Wifi atawatoa nje."

"Na kesho watalala wapi?"

Dada mtu alinyanyua macho, akaufuata mwili wa mama yake kwa mara ya kwanza mpaka ulipoishia. Ulikuwa umeenea chini ya tangi, ukapanda ukutani, ukapita juu ya korido, ukakamata boriti zote za chumba cha watoto. Hapakuwa tena na mahali ambapo mama aliishia na nyumba ikaanzia. Ukimtoa mama, unaitoa nyumba.

Alitaka ianguke. Aliitaka ianguke kwa moyo wake wote, tofali kwa tofali, juu ya mapipa na pampu na taa, na zaidi ya hapo alitaka mama naye aitake ianguke, hata mara moja tu, kwa ajili yake mwenyewe. Alisubiri na msumeno mkononi.

"Wajukuu, mwanangu," mama alisema tena.

Ndivyo kaka mtu alivyowakuta. Aliweka gunia la chumvi chini, akatazama maji yaliyogeuka maziwa, akachovya kipimo, akakisoma, akashusha pumzi.

"Umemchafulia maji," akasema.

"Huyu ni mama yetu."

"Kwani mimi nimesema ni nani?" Hakuwa na hasira. Alikuwa ameshangaa, kweli kabisa. "Nimempa mahali pazuri kuliko pote ndani ya nyumba hii. Silali kwa ajili yake. Au ulitaka arudi stoo?"

Dada mtu alitoka majini, msumeno ungali mkononi. Darini kitu kikalia tena. Chumbani mtoto mdogo akaamka na kuita.

Kaka mtu alikwenda kabatini, akarudi na udongo wa kuunganishia mawe, ule unaoganda ndani ya maji. Akamnyooshea.

"Mikono yako ni mizuri kuliko yangu kwa kazi hii."

Dada mtu aliutazama udongo ule. Alimtazama mama, ambaye alikuwa amefumba macho. Angeweza kuutupa ukutani, na kama nyumba ingekuwa ya kaka yake peke yake angeutupa. Mtoto aliita mara ya pili. Akauchukua, akaukanda mpaka ukapata joto, akaingia tena majini na kulijaza pengo alilolikata, akalisawazisha kwa kidole gumba kama anavyowafanyia wagonjwa, akaushikilia mkono wake pale mpaka udongo ulipopoa. Minyiri ya mama ilimgusa kiwiko. Dada mtu alikuwa analia kwa hasira, na machozi yaliingia tangini pamoja na chumvi nyingine.

Wifi alirudi, akawasha pampu bila kumtazama mtu. Maji yakaanza kusafika. Darini kukatulia, mtoto akapewa chai, na taa za tangi zikahama kutoka nyeupe kwenda buluu kwa saa yake.

Kaka mtu alisogeza uso karibu na kioo, akatazama palipofungwa, akatazama tena kwa tochi.

"Kazi safi," alisema. "Alama haionekani kabisa."