Isale Nyuma ya Sikio

Jumatatu, tarehe 2 Julai 1951, ukungu ulishuka Masama mpaka kwenye migomba, na manyunyu yalikuwa hayajakatika lori la kahawa liliposimama kumchukua Ndelilio na shemeji yake, Eliufoo. Walikuwa wanakwenda hospitali, Moshi mjini. Tangu Kwaresima jicho la kushoto la Ndelilio lilikuwa linafifia, na kila alipomeza, chakula kilimpalia.

Basili, dresa wa zamu, aliwaeleza kwamba ugonjwa uliojificha ndani ya kichwa hutazamwa kwa mashine ya picha. Mashine ilikuwapo, nyuma ya mlango wa kijani. Ilikuwa ya wagonjwa wa Kizungu.

“Na sisi mnatutazamaje?” Ndelilio aliuliza.

“Kwa kukisia, mama.”

Ndelilio alikaa kwenye benchi lililoelekea mlango ule, akavua kitambaa, akasali. Aliposema amina, mfupa wa kichwa chake ulikuwa angavu kama chemni ya taa iliyotoka kusafishwa. Mishipa yote ilionekana. Chini kabisa, pale fuvu linapokalia shingo, ulionekana uvimbe uliozungusha vidole vyake kwenye mshipa mkubwa.

“Geukia dirishani kidogo, mama,” Basili alisema. “Hapo kuna kivuli.”

Daktari, Mwingereza, aliitwa. Alimzunguka mara kadhaa, akasema picha za mashine hazijawahi kutoka vizuri hivyo. Kisha akasema uvimbe huo ni adimu na ni mkali. Kisu hakiwezi kufika pale bila kukata mshipa. Mionzi ya kuupunguza ilikuwa kwenye hospitali ya mbali, isiyo na kitanda cha Mwafrika. Alimpa vidonge vya maumivu, akamwambia Krismasi asiihesabu.

Eliufoo alikuja amejiandaa. Alitoa kwenye koti jani la isale, lile ambalo Mchagga aliyekosa humpelekea aliyemkosea, naye aliyeletewa hawezi kukataa kusamehe.

“Upe uvimbe, shemeji. Uombe radhi ukuachie.”

“Mimi niombe radhi? Nimeukosea nini? Umeingia nyumbani kwangu bila hodi! Isale huletwa na mwenye kosa. Rudisha mfukoni.”

“Utakufa na kiburi chako.”

“Nitakufa nikiwa nimefuata desturi. Wewe utakufa na koti lenye majani.”

Basili alicheka, akajifanya anakohoa.

Ikawa kila Jumatatu Ndelilio anarudi. Madaktari walikuja kutoka mbali kujifunza kwa kutazama kichwa chake, na benchi lilisogezwa penye jua ili waone vizuri. Alikaa wima kama bibi harusi. Watu wa Masama walisema hakuna kichwa kama hicho mlimani kote, wakamshukuru Mungu kwamba ni cha kwao. Lakini kufikia Agosti jicho lilikuwa limezimika, na uji wenyewe aliumeza kwa shida.

Jumatatu moja ya Septemba, jani la isale lilichomoza nyuma ya sikio lake, bichi, lina umande. Uvimbe ulikuwa umeuachia mshipa ili uweze kulisukuma.

“Mama,” Basili alisema, “umeletewa.”

Ndelilio aliuacha usubiri mpaka alipomaliza sala. Kisha akalichuma jani, akasema, “Nimepokea.” Uvimbe ukanywea ukawa kama buni moja, ukalala pembeni. Jicho halikurudi. Eliufoo alimpa chai, akainywa yote bila kupaliwa.

Daktari alimpa mkono wa pongezi, akaingia mlango wa kijani, akaufunga kwa ndani. Kwenye benchi alibaki Mwantumu, mama aliyetoka Njoro, mwenye uvimbe chini ya taya, akisubiri kukisiwa.

Ndelilio alisimama, jani mkononi.

“Basili, shemeji, na wewe dada, mnisikie. Uvimbe umeomba radhi, nimeusamehe. Mlango huu haujaniomba. Mbele yenu na mbele za Mungu naahidi: kila Jumatatu nitakaa hapa, kichwa wazi, mpaka uniletee isale.”