Injini Iliyolala kwa Shemeji

Injini ilipoteremshwa gereji, Mama Spana aliizunguka mara mbili, akamgeukia mdogo wa mumewe.

“Shemeji, hii ndiyo uliyonitunzia?”

“Akiba haiozi, shemeji.”

“Hii imeoza.”

Miaka yote ilikaa kwenye stoo ya shemeji huyo, ikisubiri siku gari la zamani la baba mkwe litakapofufuliwa. Sasa mzee mwenyewe alikuwa ameketi mlangoni, amevaa viatu vya kutokea, kana kwamba safari ni leo.

Mama Spana alifungua plagi. Tatu zilitoka. Ya nne haikuwepo. Tundu lake lilikuwa limezibwa kwa tambara bovu. Akalichomoa, akamulika kwa tochi. Ndani, kutu tupu.

“Plagi iko wapi?”

“Niliiazima tu. Pampu yangu ya maji iligoma.”

“Kinachoazimwa hurudi!”

Akamimina mafuta kwenye silinda, akayaacha yapenye hadi kesho yake. Akafunga spana ndefu mbele ya injini, akaivuta kwa nguvu zote ili injini izunguke. Wapi! Akaongeza mafuta, akavuta tena. Spana ikateleza, vidole vikachubuka. Tusi lilimfika kooni, akalimeza kwa heshima ya mkwewe.

“Ungeipasha moto kidogo,” shemeji akashauri.

“Nitakupasha wewe.”

Siku ya tatu alifungua kifuniko cha juu. Bolti moja ikakatikia ndani. Akakaa chini sakafuni, grisi mpaka kwenye viwiko, machozi ya hasira yakimlenga. Kisha akamrushia shemeji bomba la kurefushia spana.

“Vuta wewe. Mikono yangu imechoka kulipia ujanja wako.”

Shemeji akavuta mpaka shati likamganda mgongoni. Ghafla injini ikalia kwiii, ikazunguka.

“Imekubali!” Mzee akasimama.

Mama Spana akapitisha kidole ndani ya silinda ya nne. Ukuta wake ulikuwa umelika; kucha ilikwama kwenye mashimo.

“Imezunguka, baba. Kukubali bado. Lazima ikachongwe upya.”

“Mpaka lini?”

“Muulize mwanao.”

Mzee akamgeukia mwanawe. “Wewe,” akasema, “kuna kingine changu ulichokiazima?”

Shemeji akaenda kutafuta mkokoteni wa kuipeleka injini kwa fundi wa kuchonga vyuma, na Mama Spana, bado amenuna, akainamia ile bolti iliyokatika.