Hatua Zisizo na Mzazi

Wewe umewahi kukaa kikaoni ukasikia kazi ya mikono yako ikisifiwa, na wewe ndiye uliyetumwa kuongeza viti?

Hayo ndiyo yaliyomkuta Fundi siku ya Jumanne, saa nne asubuhi, kwenye chumba cha mikutano cha ofisi ya kaka yake. Chumba chenyewe kilikuwa na meza ya mviringo, mguu wake mmoja umewekewa karatasi iliyokunjwa mara nne ili isichezecheze, na viti saba visivyofanana. Viwili kati ya hivyo alivibeba yeye kutoka mapokezi, kimoja kila mkono. Ukutani palikuwa na skrini kubwa iliyofutwa vumbi asubuhi ileile.

Mapokezi alikaa wifi yake, mke wa kaka. Ofisi nzima ilikuwa na utani juu yake: mtandao ukikatika watu huambiana, "Wifi imegoma," naye hujibu bila kuinua macho, "Wifi yupo, nyinyi ndio hamshiki." Siku hiyo alimvuta Fundi mkono pale mlangoni.

"Wifi yangu, leo usinune. Mgeni akisaini, sote tumepona."

"Sijanuna. Uso wangu ndivyo ulivyo."

"Tangu lini?"

Fundi alijua ni tangu lini.

Mama yao alipougua akawa wa kitandani, yeye ndiye aliyeacha kazi akamuuguza. Mchana mama akisinzia, Fundi alikaa kwenye kigoda pembeni, kompyuta magotini, akitengeneza chombo cha kuwasaidia waandishi wa programu. Alikiita Chekecheke, maana kazi yake ni hiyohiyo ya chekecheke: programu ikimalizwa kuandikwa hupitishwa humo mstari kwa mstari, safi ikashuka, mawe yakabaki juu. Mama alipofariki, kaka akafungua ofisi, akaanza kuizungusha Chekecheke kwa wateja. Mwanzoni alisema "chombo chetu." Baadaye kidogo ikawa "chombo changu."

Fundi alitaka jambo moja tu, Chekecheke itajwe kuwa ni kazi yake. Siku aliyoligusia, kaka alicheka. "Jina la baba si moja? Langu likiandikwa, na lako limeandikwa." Akalimeza, likamkaa kooni kama mwiba wa samaki.

Sasa alikuja mteja mkubwa, na huyo alitaka nyayo. Chekecheke kila ikifanya kazi huacha nyayo: hatua hii imeanza saa ngapi, imekwisha saa ngapi, imezaliwa na hatua ipi. Hatua ya kwanza huitwa mzazi. Zinazotokana nayo ni wana, na kila mwana hutembea na namba ya mzazi wake, kama mtoto wa shule aliyeandikiwa simu ya nyumbani kwenye jalada la daftari. Ndani ya ile hatua mzazi, na humo tu, Fundi alikuwa ameandika majina yake mawili kwamba ndiye mtengenezaji. Miaka yote nyayo zilibaki ofisini, hakuna aliyezitazama. Mteja alitaka zipelekwe nje, kwenye jukwaa la ufuatiliaji la kampuni nyingine, ambako watu wake huiangalia mitambo yao yote mahali pamoja.

Fundi alitumia wiki mbili kuzifungulia njia. Akaweka na lango, lenye masharti sita, ili nywila na siri za watu zisitoke. Ijumaa alizijaribu, zikafika salama. Kaka alisimama nyuma yake, akaisoma skrini hadi chini, akaondoka bila neno.

Mkaguzi wa mteja alikuwa mama mwembamba, miwani imening'inia kifuani kwa kamba. Kaka akamtambulisha: "Huyu ni mdogo wangu. Ananisaidiasaidia."

"Karibu, mama," akasema Fundi.

Chekecheke ikawashwa. Nyayo zikamiminika ukutani, mia, mia mbili, kila moja na alama nyekundu. Mkaguzi akavaa miwani.

"Mbona zote yatima?"

"Zote nini?" kaka akauliza.

"Yatima. Kila hatua inaniambia, ninaye mzazi, namba yake hii. Namtafuta huyo mzazi, hayupo. Hatua mia mbili hizi zimezaliwa na nani, upepo?"

Kaka akacheka peke yake. "Ni mtandao, mama. Wifi yetu ina matatizo."

"Nakusikia," sauti ikatoka mapokezi.

Fundi akafungua faili la lango. Masharti yake sita aliyajua kwa moyo. La saba hakuliandika yeye. Liliingizwa Jumatatu, saa ya chakula cha mchana, kwa akaunti ya kaka: chochote chenye majina haya, kisipite. Na majina yenyewe ni yake, yote mawili, hakuna herufi iliyokosewa. Kaka aliwahi kuandika programu zamani, na ujuzi aliobakiwa nao ni wa nusunusu. Alikusudia kufuta jina, akamtupa mzazi mzima. Angejua zaidi kidogo, jina lingefutika na hakuna ambaye angeshtuka.

Miaka yote hiyo hakuwahi kuliandika jina la mdogo wake popote. Siku aliyoliandika, aliliandika ili lizuiwe.

Fundi akainua macho. Kaka alikuwa akiichunguza kalamu yake kama ndiyo kwanza anaiona.

"Mdogo wangu, rekebisha basi, mgeni ana haraka."

Fundi angeweza kulipunguza lile sharti, jina lifutike na mzazi apite. Ilikuwa kazi ya dakika mbili. Akalifuta sharti lote la saba, akawasha upya.

Safari hii mzazi alikaa juu, wana wakajipanga chini yake, kila mmoja mahali pake, hakuna wekundu. Mkaguzi akatikisa kichwa kwa kuridhika. Akafuata kwa kidole mpaka mstari wa juu, akayasoma yale majina mawili kwa sauti.

"Huyu ndiye mtengenezaji? Ni nani?"

Fundi akashika ukingo wa meza. Hata pale alikuwa tayari kusamehe yote, kuanzia cheko la siku ile mpaka sharti la saba. Akamtazama kaka yake, akangoja.

"Aa, hilo," kaka akasema, "ni jina la majaribio tu. Tulijaza tu pasibaki wazi. Litaondolewa."

Mkaguzi akainama, akaandika kwenye daftari lake: jina la majaribio.

Fundi akasimama.

"Ni jina langu hilo, mama," akamwambia mkaguzi, kwa upole. Kisha akamgeukia kaka yake. "Sikutaka ofisi yako, kaka, wala kiti chako. Nilitaka siku moja mtu akikuuliza kama alivyokuuliza huyu, umwambie, ni mdogo wangu, huyu hapa. Nilitaka hilo tu. Na nilitaka litoke kwako mwenyewe, bila mimi kukuomba."