Hedifoni ya Watu Wawili

Kinsi hakutaka kukaa. Nunow, fundi wa redio, alimsogezea kigoda mara mbili, na mara mbili akakisukuma kando kwa mguu. Angekaaje, na kesho Ijumaa anaozwa kwa shemeji yake?

Mji mzima wa Garissa ulishamzika mumewe, Awil, kwa maneno. Miezi minane sasa tangu apeleke ngamia upande wa Liboi, mpakani, na mapema akatokea mtu kusema wachungaji wamepigwa risasi. Eda ikahesabiwa, ikaisha, na kwa desturi mjane hurithiwa na ndugu wa marehemu. Lakini juma lililopita dereva wa lori wa Modogashe alimwambia Kinsi kwamba amelisikia jina la Awil kwenye redio ya ng'ambo ya mpaka, katika salamu za waliokimbia vita. Salamu hizo zingerudiwa Alhamisi, saa saba mchana. Dereva akaenda zake. Sheikh Issack, mwenye kufungisha ndoa, akakataa: neno la mtu mmoja, tena aliyeondoka, halizuii ndoa. Alitaka wawili waliosikia kwa masikio yao.

Basi Alhamisi ndiyo leo! Redio ya Awil ipo, ila askari walipopekua waling'oa spika na taa yake kubwa ya kukuzia sauti. Kituo chao kiko ukuta kwa ukuta na nyumba ya Kinsi, na kusikiliza stesheni ile ni kufungwa.

"Nipe hizi laini, adeer, ami yangu," alisema, akishika hedifoni za ngozi za gari la jeshi.

"Hizo? Toba! Ukinzani wake wa umeme omu mia tu. Kwa redio ya taa utasikia mbu, si mtu. Chukua hizi." Nunow akatua mezani hedifoni nyeusi, nzito, mbaya kweli. "Omu elfu nne. Waya wake mwembamba kama unywele, umeme kidogo unazitosha."

"Zitaniumiza masikio."

"Unataka masikio au unataka mume?"

Kinsi akacheka bila kupenda. Akaonyesha amplifaya kubwa rafuni.

"Hiyo ni ya spika za msikiti, itauunguza waya huo papo hapo. Chukua hii ndogo ya taa moja. Betri yake itafika saa nane, haipiti."

"Na wawili tutasikiaje?"

Hapo fundi akakuna kichwa. Kisha akakata utepe wa chuma wa kuvalia kichwani, akatenganisha masikio mawili ya hedifoni na kurefusha waya. "Kila mtu na lake. Ila likichomoka moja, na la pili linanyamaza. Shahidi wako nani?"

"Barre."

"Barre huyo huyo anayekuoa? Umekwisha, mama!"

"Nikileta mwingine watasema nimempanga."

Saa saba walikuwa chumbani kwa Kinsi, Sheikh Issack mkekani, Kinsi na Barre wameinamia redio moja. Nje buti za askari zilipita, zikarudi. Majina yalisomwa, mengi, ya watu wasiowajua. Ndipo sauti ikasema: Awil Guleid anamsalimu mama yake Maka, ndugu yake Barre na mke wake Kinsi, ngamia wamekwisha, yeye ni mzima.

Kinsi aliuma shela asipige kelele. Akamtazama Barre. Uso ule haukusema kitu.

"Umesikia nini?" Sheikh akamuuliza Barre.

Barre akazidi kulibana la kwake sikioni. Atakana, Kinsi akawaza, atakana huyu mwanaharamu! Akamchukia kwa moyo wake wote.

Barre akainua kiganja kuwanyamazisha. Machozi yalikuwa yakimshuka hadi ndevuni.

"Wallahi, Awil yu hai," alinong'ona. "Nimemsomea hitima kaka yangu, Sheikh, naye yu hai."

Redio ilikuwa imeshaingia kwenye nyimbo. Kinsi akanyoosha mkono aifunge, kwa maana buti zilikuwa zinarudi. Barre akamshika kifundo cha mkono.

"Bado, shemeji," akasema. "Huenda wakamtaja tena."