Kubana Mkia

Samaki wa kumi na saba alikuwa na sentimita ishirini na mbili. Rula alimlaza juu ya ubao wa kupimia, pua ikagusa kibao cha mwanzo, kisha kwa vidole viwili akabana ncha za mkia zikakutana kama mkasi unaofungwa. Mkia ukasogea hadi ishirini na tatu na nusu. Hiyo nusu iliyobaki aliisamehe.

"Ishirini na nne," alisema, akaandika.

"Mungu akuzidishie," alisema mvuvi mwenye samaki. "Ungekuwa fundi cherehani, wote tungevaa suruali za kubana."

Wanawake waliosubiri mnada walicheka. Rula naye alitabasamu, akavuta samaki wa kumi na nane.

Kazi hii ya kupima samaki wanaoshushwa alikuwa ameifanya kwa miaka kumi na mmoja, ndani ya banda lile lile la sakafu ya saruji. Jina lake la kweli lilikuwa kwenye mkataba tu; bandani wote walimwita Rula. Sheria ilisema samaki aina ya changu asishushwe akiwa chini ya sentimita ishirini na nne, na chombo kitakachomshusha kinyang'anywe leseni kwa miezi sita. Alipoanza, sheria hiyo haikumsumbua mtu. Changu wa thelathini walijaa matenga.

Kila asubuhi, kabla ya vyombo kurudi, alishusha kipimajoto kwa kamba kutoka gatini. Zamani, katika miezi ya joto, kilikuwa kikisoma ishirini na nane. Sasa kilisoma thelathini na moja, na mwaka huu kimewahi kufika thelathini na mbili. Wapiga mbizi walirudi wakisema matumbawe yamekuwa meupe kama mifupa. Mwaka uliofuata walisema yameota ukoka. Na changu wakawa wanapungua urefu, kidogo kidogo, kama sabuni inayotumika.

Mara ya kwanza alibana mkia kwa ajili ya mvuvi ambaye mkewe alikuwa amelazwa. Ilikuwa milimita tatu tu. Wiki iliyofuata mwingine akaomba, na ukimpa huyu utamnyimaje yule? Milimita zikawa sentimita. Hakuwahi kuliona jambo hilo kama uongo. Aliliona kama kumwachia mtu mlango wazi.

Afisa uvuvi alifika saa nne, viatu vimeloa, bahasha kwapani. Hakuwa mtu mkali. Aliwaamkia wakubwa, akaomba kiti, akajifuta jasho. Alikuwa ameleta jibu la barua yao.

Barua hiyo Rula ndiye aliyeiandika, kwa kuwa mwandiko wake ulisomeka. Wavuvi waliomba wataalamu waje waitazame bahari, kwa sababu changu wa sentimita ishirini sasa ana mayai, jambo ambalo hata wazee hawakuwahi kuliona. Waliomba sheria ya urefu ipimwe upya kabla haijawamaliza.

Afisa alisoma polepole. "Kwa mujibu wa takwimu za banda lenu wenyewe, urefu wa wastani wa changu haujapungua katika miaka minne iliyopita. Kwa hiyo, madai kwamba bahari imebadilika hayana msingi."

Watu walitazama fomu zilizokuwa mezani, kisha wakamtazama Rula, kisha kila mmoja akatafuta pengine pa kutazama.

"Na nimeagizwa nipime mwenyewe leo," alisema afisa.

Beseni lililokuwa karibu lilikuwa la mdogo wa mume wake Rula. Afisa aliwalaza samaki mmoja mmoja, mkia ukakaa ulivyokaa. Ishirini na moja. Ishirini. Kumi na tisa na nusu.

"Bwana, bahari ina samaki wakubwa. Fomu zinasema," afisa alisema bila kupandisha sauti. "Wewe umechagua wadogo."

"Mkubwa, wavu hauchagui," alisema shemeji. "Kilichoingia ndicho kilichopo."

"Leseni, tafadhali."

Shemeji aliitoa mfukoni, imefungwa kwenye mfuko wa nailoni isilowe. Hakumtazama Rula, na hilo lilimuuma kuliko kama angemtukana.

"Afisa," alisema Rula. "Nilikuwa nabana mkia."

"Nini?"

Alichukua changu, akambana, akamwonyesha namba. Kisha akamwachia, akamwonyesha namba nyingine. "Miaka minne. Na sentimita zilizopungua nilizijazia. Wamepungua kweli. Barua ile ni kweli. Fomu ndizo si kweli."

Alichukua kisu cha kuparia, akampasua tumbo samaki wa ishirini. Mayai yakatokea, vifuko viwili vya manjano. "Huyu ni mama, si mtoto."

Afisa aliyatazama mayai. Kisha akamvuta Rula hadi nyuma ya pipa la barafu.

"Dada yangu, ripoti ya miaka minne imeshapigwa mhuri. Imesomwa mbele ya wakubwa, wamepiga makofi kwamba bahari yetu iko salama. Nikiirudisha, wa kwanza kuulizwa ni mimi, wa pili ni wewe. Hukusema, nami sikusikia."

"Na leseni?"

"Leseni nimeichukua mbele ya watu. Na fomu haina sehemu ya mayai." Alimpa karatasi. "Weka sahihi kama shahidi. Samaki wamwagiwe chokaa, wafukiwe kabla ya saa nane."

Rula aliweka sahihi. Mkono wake ulikuwa na magamba, yakabaki mawili juu ya karatasi.

Gari la afisa lilipoondoka, mnada uliendelea kwa sauti ya chini. Muuza samaki wa kukaanga, aliyekuwa rafiki yake wa siku nyingi, alimpita akasema, "Mwiba wa kujichoma, shoga," lakini alimwachia kiti chake.

Rula hakukaa. Alilivuta beseni la shemeji hadi kwenye ubao. Akafungua fomu mpya, akachukua penseli, na kwa ukingo wa ubao akapiga mstari wa kusimama upande wa kulia, pale ambapo karatasi ilikuwa tupu. Juu yake akaandika: mayai.

Shemeji alikuwa amesimama mlangoni. "Unafanya nini? Hao ni wa kufukiwa."

"Saa nane bado."

"Wataitupa hiyo karatasi."

"Ya mwezi huu wataitupa."

Alimlaza wa kwanza, pua kwenye kibao. Vidole vyake vilikwenda mkiani vyenyewe, kwa mazoea, akavirudisha. Shemeji alimtazama, kisha akachukua kisu.

"Ishirini," alisema Rula.

Shemeji alipasua. "Anayo."

"Kumi na tisa na nusu."

"Anayo."

Walifika wa sitini na mmoja chokaa ikiwa bado ndani ya mfuko. Chini ya fomu, penye nafasi ya mpimaji, ambapo kwa miaka kumi na mmoja alikuwa akichora mstari mmoja tu, aliandika jina lake lote.