Pumzi ya Ukurasa wa Tatu

Kwanza niseme wazi kwamba sikumrushia Mwalimu kitabu. Nilikitupa juu ya piano, na kiwiko chake kikawa karibu. Hiyo ni tofauti kubwa, na nitaitetea mbele ya mtu yeyote, hata mbele ya baba, ambaye ndiye aliyetumia siku tatu kukijalidi hicho kitabu na alikasirika zaidi kwa ajili ya jalada kuliko kwa ajili ya kiwiko.

Mwalimu anafundishia ghorofa ya pili, juu ya duka la kukata vioo. Ukipiga noti nzito za mkono wa kushoto, vioo vya chini vinanung'unika vyote kwa pamoja, halafu fundi vioo anagonga dari kwa mpini wa mopu. Chumba kina piano moja ya kusimama, kiti kimoja cha mwanafunzi, na sofa ya Mwalimu iliyobonyea upande mmoja, upande anaokalia yeye. Hakuna kiti cha mgeni. Mzazi akija anasimama, akichoka anaondoka, na nadhani ndiyo ilikuwa nia.

Sitaki kumsema vibaya pasipo haki. Anajua kazi. Nilipofika kwake nilikuwa napiga noti sahihi zote, nikajiona nimemaliza. Akanisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Vizuri. Umesoma barua ya mapenzi kama unasoma bili ya maji." Ndiye aliyenifundisha kuimba wimbo kwa mdomo kabla ya kuugusa kwa kidole. Ndiye aliyenifundisha kwamba katika muziki huu wa zamani, wa wale watu wa makoti marefu waliokuwa wakipenda hovyo na kufa kwa kifua kikuu wakiwa vijana, mkono wa kushoto ni askari wa barabarani na wa kulia ni mlevi mstaarabu: anapepesuka, anachelewa, lakini nyumbani anafika saa ileile. Hayo nayashukuru mpaka leo. Nayashukuru huku nimekasirika, inawezekana.

Shida ilikuwa Pumzi.

Kipande alichonipa kwa ajili ya chuo kina kurasa sita. Chuo cha muziki kinapokea wanafunzi mara moja kila miaka miwili, na fomu isiyo na sahihi ya mwalimu anayetambulika hawaipokei, hata ukiifunga kwa utepe. Mwalimu anayetambulika hapa kwetu ni mmoja. Kwa hiyo maisha yangu yote, tuseme kuanzia kichwani hadi kwenye soksi, yalikuwa yanasubiri sahihi yake kabla ya Ijumaa saa sita mchana.

Wanafunzi wake wote tunatumia nakala zilizotolewa kwenye chapa mpya. Katikati ya ukurasa mmoja wimbo unapanda, unapanda, unafika noti ya juu kabisa, na hapo Mwalimu ameweka mikwaju miwili ya penseli nyekundu kwenye kila nakala. Maana yake simama. Usihesabu. Nyanyua mikono, acha dunia ikae kimya, kisha shuka. Hiyo ndiyo Pumzi, na watu waliosoma kwake katika miaka hii arobaini wanatambuana kwayo kama ndugu wa tumbo moja.

Mimi nilikuwa nasimama. Akasema nimesimama kama mtu anayesubiri chenji.

"Umewahi kufiwa?" akaniuliza siku moja, mwezi wa kwanza.

"Mama yangu, Mwalimu. Miaka mitatu iliyopita."

"Basi mlete hapa." Akagusa mikwaju ile kwa kucha. "Kila ukifika hapa, mlete."

Nikamleta. Jumanne na Alhamisi, saa kumi kamili, kwa miezi miwili. Nilimleta akiongea na simu ameishika mbali na sikio kama kitu cha moto. Nilimleta akicheka utani wake mwenyewe kabla hajaumaliza, mpaka sisi hatuujui mwisho. Nilimleta hata ile wiki ya mwisho, ambayo nyumbani kwetu hatuizungumzii. Kisha nashuka kutoka noti ya juu, namaliza, nangoja.

"Hujamleta," anasema Mwalimu kutoka kwenye sofa. "Umeleta picha yake. Tena."

Siku nyingine aliniambia nina moyo wa karani. Siku nyingine, mbele ya mwanafunzi mwenzangu, alisema wapo watu ambao hata msiba unawapita juu kama mvua juu ya bati. Nilicheka, kwa sababu mimi nikiumia hucheka, ni ugonjwa wangu. Nilipofika nyumbani nilikaa chooni nusu saa nikijiuliza kama kweli nilimpenda mama.

Huyo mwanafunzi mwenzangu tunamwita Sinema. Akifika kwenye Pumzi anafumba macho, shingo inalala upande, na Mwalimu anajifuta miwani. Tukiwa kwenye ngazi nikamuuliza, "Shoga, wewe unamleta nani pale?"

"Nani?"

"Kwenye Pumzi. Unamfikiria nani?"

"Simfikirii mtu. Nahesabu mpaka nne, najiuliza kama nimeacha pasi inawaka." Akaniangalia usoni. "Kwani wewe unafanyaje?"

Nikashuka ngazi mbili mbili.

Sasa kile kitabu. Mwalimu alikuwa na kitabu chake cha noti, cha zamani, chenye kipande kilekile, alichorithi kwa mwalimu wake mwenyewe. Hukaa kwenye droo na hakiguswi. Jumatatu ya wiki ile ya fomu mgongo ulikatika, kurasa zikamwagika sakafuni, na Mwalimu akapiga magoti kuziokota akihema. Nilikuwa nimepita kuchukua nakala. Akanitazama kama mtu anayelazimika kukopa kwa adui.

"Baba yako si ni mjalidi vitabu?"

"Ndiyo, Mwalimu."

"Mwambie asipunguze kingo. Asisafishe kitu. Ashone tu."

Baba hufanyia kazi chumba cha mbele. Ana meza moja ndefu, kibanio cha chuma, gundi kwenye sufuria iliyostaafu upishi, na kauli moja kwamba vitabu havijui kusema uongo kuhusu watu waliovishika. Noti za muziki hajui hata moja. Kwake ni sisimizi waliopuliziwa dawa. Jumanne jioni nilikuwa upande wa pili wa meza nikifanya mazoezi juu ya kadibodi aliyonichorea vitufe vyote themanini na nane, yeye akitenganisha karatasi za kile kitabu moja moja.

"Njoo uone huyu mtu," akasema.

"Mtu gani, baba?"

"Mwenye kitabu. Tazama. Kurasa zote ni nzima, zimezeeka vizuri. Ila karatasi hii." Akaniwekea chini ya taa. "Kona ya chini, kulia. Imechanika, ikagandishwa. Ikachanika tena, ikatiwa kitambaa. Kitambaa nacho kimelika. Hapa kuna mafuta ya vidole ya watu wawili, mmoja dole gumba nene, mmoja jembamba. Wote walikuwa wanafunua kwa haraka, tena kwa mkono uliotoka jasho. Kurasa nyingine wamezifunua taratibu. Hii waliikwapua. Kuna nini hapa cha kukimbilia?"

Nikaangalia. Ulikuwa ukurasa wa tatu wa kipande changu. Noti ya mwisho kabisa, chini, kulia, ilikuwa ile noti ya juu. Nikafunua. Nyuma yake, mstari wa kwanza, wimbo unaanza kushuka.

Na juu ya ile noti kulikuwa na upinde, ile alama inayosema noti hizi ni sentensi moja, usizikate. Ulianza kule kwenye kupanda, ukatoka nje ya ukurasa, ukaendelea ukurasa unaofuata mpaka chini. Mtunzi hakuweka pumzi pale. Mtunzi alikataza pumzi pale. Kwenye nakala zetu upinde huo upo pia, ila penseli nyekundu imepita juu yake, na mimi nikifundishwa na mtu kama yule siwezi kuanza kubishana na penseli.

Nikaweka mikono juu ya meza. Nikapiga noti ya juu hewani, nikanyanyua mkono wa kulia, nikakwapua ukurasa, nikarudi. Moja, mbili, tatu, nne.

"Mbona umenyamaza?" baba akauliza.

"Namfikiria mama."

Akaacha sindano. "Mama kafanya nini?"

"Hajafanya kitu. Kasumbuliwa bure."

Nilimfufua mama yangu mara mbili kwa wiki, miezi miwili, nikaambiwa sijamfufua vizuri, kwa ajili ya watu wawili, Mwalimu na mwalimu wake, waliokuwa wanasimama pale ili tu wafunue ukurasa. Usiku ule sikulia. Nilikuwa na hasira iliyokaa vizuri, imevuta kiti.

Alhamisi saa kumi nilipanda ngazi na kitabu kikiwa na mgongo mpya na fomu ikiwa katikati yake. Nikakitupa juu ya piano. Kiwiko, nimeshaeleza.

"Una wazimu?" akasema Mwalimu akijisugua.

"Fungua ukurasa wa tatu."

"Nimekishika kitabu hiki kabla hujazaliwa, huwezi kuniambia nifungue wapi."

"Fungua, Mwalimu. Tafadhali." Nilisema tafadhali kwa sauti ambayo haikuwa na tafadhali ndani yake.

Akafungua. Nikamweleza kona, kitambaa, dole gumba nene na jembamba. Nikamwonyesha upinde kwa kidole mpaka unapotokea upande wa pili. Mwanzoni alitabasamu. Halafu akanyanyua mkono wake wa kulia, taratibu, akaupeleka kwenye kona ya ukurasa, na dole gumba lake likaingia pale palipolika kama mguu kwenye kiatu cha siku zote. Akalitoa upesi.

"Mwalimu wangu alinipiga rula vidoleni kwa ajili ya pumzi hii," akasema.

"Alikuwa anafunua ukurasa."

"Alikuwa analia. Nilimwona kwa macho yangu."

"Basi alikuwa analia huku anafunua."

"Wewe binti." Akafunga kitabu. "Miaka arobaini watu wamesimama pale, na wanaosikiliza wamelia. Unataka kuniambia machozi yao yalikuwa ya uongo kwa sababu baba yako kaona mafuta ya vidole?"

Hilo lilikuwa swali zuri, na lilinikera kwa sababu lilikuwa zuri.

"Sijui machozi ya watu," nikasema. "Mimi sikukuomba uniambie pale pana siri. Uliniambia nimlete mama yangu. Nikamleta. Ukasema nimeleta picha."

Akavua miwani, akaifuta.

"Ukasema msiba unanipita juu kama mvua juu ya bati. Mbele ya Sinema."

"Mbele ya nani?"

"Haijalishi. Mama yangu hakuwa kitu cha kujazia nafasi ya kufunulia ukurasa."

"Nilikuwa nafundisha," akasema. "Hivyo ndivyo nilivyofundishwa." Kisha, akiwa ameshanipa mgongo, "Kaa. Piga. Kama unajua kuliko sisi wote, piga."

Nikakaa na koti langu, sikuvua hata mkoba. Nikapiga. Fundi vioo aligonga tangu mstari wa pili, nikaongeza. Nilipofika kule juu sikusimama. Nilivuka kama ule upinde unavyosema, pumzi moja, na kushuka kukawa kubaya na kwa kasi na kwa kweli, kama mtu anayeteleza kwenye ngazi na hana pa kushika. Sikumleta mama. Sikumleta mtu yeyote. Nilikuwa peke yangu mle ndani na hasira zangu, zikanitosha.

Halafu, mstari wa nne baada ya hapo, kuna noti moja ya mkono wa kushoto, ya chini, iko peke yake. Hakuna alama yoyote. Kidole changu kilifika pale kikakataa kuondoka. Nikakaa nacho. Sijui nilikaa kwa muda gani. Kilipotaka, tukaendelea.

Nilipomaliza Mwalimu alikuwa amesimama. Sijawahi kumwona amesimama wakati wa somo.

"Pale mstari wa nne. Ile noti. Ulifanya nini?"

"Sijui."

"Rudia."

"Hapana."

"Nimesema rudia, nataka nisikie tena."

"Na mimi nimesema hapana, Mwalimu. Ukishaisikia mara ya pili utachukua penseli."

Uso ulimvimba. Nilidhani atanifukuza. Akavuta fomu kutoka kitabuni, akaiweka juu ya kifuniko cha piano, akaandika kwenye nafasi ya maoni akikandamiza kalamu mpaka nikahurumia karatasi. Akatia sahihi. Akanipa bila kunitazama.

"Nakudai kitu kimoja," nikasema.

"Kipi tena?"

"Useme samahani. Kwa ajili ya mama."

Alifunika kalamu. Akaenda kwenye sofa, akakaa upande ule uliobonyea. "Somo ni Jumanne," akasema.

"Siji."

Nikaisoma fomu kwenye ngazi. Maoni ya mwalimu: *Hafuati maelekezo. Hapumui palipoandikwa, anapumua pasipoandikwa. Hafundishiki na mimi.* Nilisimama pale nikiwa na hasira mpya juu ya ile ya zamani, maana sikuweza kujua kama ameniua au amenisifu, na nilikuwa na uhakika kwamba hata yeye hajui. Sinema alikuwa anapanda kwa ajili ya somo lake. Akaisoma begani kwangu.

"Shoga, hii usiipeleke. Mwombe akuandikie nyingine."

"Hawezi kuandika nyingine. Hii ndiyo pekee aliyoandika kwa ukweli."

Ijumaa saa tano na nusu nikafika kwenye dirisha la chuo. Karani, mama mmoja mwenye miwani ya kamba, akasoma nafasi ya maoni, akaacha kutafuna, akairudia kusoma kuanzia juu.

"Mwanangu, umeyaona yaliyoandikwa hapa?"

"Nimeyaona, mama."

"Na bado unataka tuipokee hivi?"

"Nataka muipokee hivyo hivyo."

Akanitazama juu ya miwani, akavuta pedi ya wino karibu, akagonga muhuri, na kuniambia usaili ni tarehe kumi na nne, nije na noti zangu. Nikamwambia nitakuja na zile zisizo na penseli.