Mto wa Rosemery

Bibi Wilhelmina alishatoa kila kitu alichoambiwa na nesi. Magunia ya mpunga, yaliyolazwa chumbani tangu mavuno kwa kuogopa wezi, yalihamia stoo. Kuku aliyeatamia chini ya kitanda alibebwa na mayai yake hadi bandani. Sakafu sasa ilipigwa deki badala ya kufagiliwa, vumbi lisiruke. Bado mjukuu wake Noela, wa miaka saba, aliamka kifua kikilia kama filimbi.

Kilichobaki ni mto wa sufi aliolalia Noela.

Rosemery, mama yake Noela, aliushona mwenyewe kule kijijini Mofu, sufi akaichambua kwa vidole, mbegu moja moja. Miaka mitatu tangu wamzike, mto haukuguswa na maji. Bibi ndiye aliyekataza. "Nikiufua nitakuwa nimemfua mwanangu akaisha."

Jumamosi nesi Ester akapita.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba, mama. Ona, hata kuku nimemhamisha. Kaninunia mpaka leo."

Ester akacheka. Bibi, kwa kutaka kuonyesha kitanda kilivyotandikwa, akaupigapiga mto. Vumbi likapanda kwenye mwanga wa dirisha kama pumba mashineni. Noela akakohoa, akainama, mabega yakapanda na kushuka. Ester akamvutisha dawa ya pampu mpaka pumzi ikarudi.

"Bibi, kitu hiki mbona hukukitoa?"

"Hicho si kitu. Hicho ni mama yake."

 Ester aliaga taratibu.

Mchana huohuo bibi akajifunga kanga puani, akauchukua mto hadi nyuma ya migomba, akafumua mshono uzi kwa uzi. Sufi ilikuwa imeganda madonge ya kijivu kwa unyevu wa masika. Akaishusha kanga, akainamisha uso ndani, akamtafuta mwanawe. Akakuta harufu ya ukungu.

"Bibi," Noela aliita toka mlangoni, "hainukii mama, eh?"

"Hainukii."

"Mimi najua siku nyingi. Nilinyamaza usije ukalia."

Bibi akachimba shimo, akaifukia sufi. Foronya akaifua kwa maji ya moto, mara nne, mpaka maua yake mekundu yakaonekana tena.

Kesho yake asubuhi Noela alilala mpaka jua likaingia, kichwa juu ya kanga safi iliyokunjwa. Kifua kilikuwa kimya. Bibi Wilhelmina akaketi ukingoni mwa kitanda akiusikiliza ukimya ule, foronya tupu magotini, akiikunja, akiikunjua, akiikunja.